Swichi ya amplifaya ya zamani: namna ya kuitafuta na kuifufua ukiwa Tanga

Amplifaya ya miaka ya 1970 ikiletwa kwa fundi pale Ngamiani kwa malalamiko kwamba "imekufa upande mmoja", mara nyingi haijaungua kitu. Transfoma nzima, transista nzima, kapasita bado zinavumilia. Kilichogoma ni swichi: kipande cha plastiki na bati kilichobonyezwa, kikazungushwa, kisha kikasahaulika miaka zaidi ya arobaini, tena katika mji ambao kusi na kaskazi zote hupita baharini kabla ya kuingia dirishani. Kontakti za swichi hizi zimepakwa fedha. Salfa iliyomo hewani huigeuza fedha ikawa nyeusi, na unyevu wenye chumvi humalizia kazi kwa kula shaba iliyo chini yake.

Ukienda dukani kuulizia swichi mpya ya aina ile, huipati. Viwanda viliacha kuitengeneza zamani, na muuzaji atakutolea kiswichi cha redio ndogo ya plastiki akuambie, "Hii nayo inafanya." Haifanyi. Ninavyoona mimi, spea ya kwanza ya swichi ya zamani ni swichi yenyewe. Ya pili ni swichi iliyong'olewa kwenye mzoga wa mashine ya rika lake. Swichi mpya ni ya mwisho kabisa, pale njia zote zimeziba.

Hakikisha kwanza mgonjwa ni swichi

Swichi husingiziwa sana. Rilei ya spika (swichi ya sumaku inayounganisha spika na mashine) ikichakaa nayo hukata upande mmoja, na hujitambulisha hivi: kwa sauti ndogo upande huo unakuwa hafifu wenye mikwaruzo, ukiongeza volyumu ghafla unafunguka. Volyumu yenyewe ikiwa na uchafu, mkwaruzo unasikika pale tu unapoizungusha. Tazama pia nyuma ya mashine, kwenye tundu za PRE OUT na MAIN IN. Baadhi ya mashine zina vyuma viwili vya umbo la U vinavyounganisha tundu hizo. Vikishika kutu, utafungua amplifaya nzima bure.

Anza kwa kubadilishana waya za spika, kulia kuwe kushoto, mashine ikiwa imezimwa. Ukimya ukihama pamoja na spika, tatizo ni spika au waya wake. Ukibaki kwenye upande uleule wa mashine, endelea.

Sasa chomeka simu kwenye tundu za TAPE PLAY, zile za kuingizia sauti ya deki ya kaseti, kisha bonyeza TAPE MONITOR, swichi ya kuisikiliza deki hiyo. Muziki ukitoka sawasawa pande zote mbili, njia yote kuanzia hapo hadi kwenye spika ni nzima, na mbaya wako ni selekta (swichi ya kuchagua chombo cha kusikiliza, kama redio au santuri), kitu kilicho kabla yake, au kontakti za TAPE MONITOR zinazofanya kazi ikiwa imeachiwa. Usipotoka vizuri, bonyeza na kuachia TAPE MONITOR mara nyingi mfululizo huku ukisikiliza. Swichi hii ndiyo ningeishuku mbele ya zote. Kila sauti lazima ipite humo, hata kama mwenye mashine hajawahi kuwa na deki ya kaseti, na kwa kuwa hana deki, hajaigusa tangu anunue.

Kuna sababu ya swichi za sauti kuugua mapema kuliko unavyodhani. Sindano ya santuri hutoa takriban milivolti 2.5, na tundu za AUX (za chombo cha ziada) za mashine za Kijapani za wakati ule zilipangiwa milivolti kama 150. Umeme mdogo hivyo hauna nguvu ya kupenya ngozi nyeusi iliyoota juu ya kontakti. Swichi ya umeme wa ukutani ina ugonjwa wa kinyume: volti 230 hupenya chochote, lakini kila ukiwasha cheche inaruka na kuunguza kontakti kidogo.

Kabla ya kuingiza mkono

Chomoa waya ukutani. Usiishie kuzima kwenye kitufe, kwa sababu waya wa umeme unafika hadi kwenye miguu ya swichi hata ikiwa imezimwa. Kisha ondoa chaji kwenye zile kapasita kubwa mbili kwa rezista ya omu 100 ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpira, na upime kwa mita hadi volti zishuke karibu na sifuri. Kuunganisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ni ushamba. Cheche ile inaweza kuua kapasita ambayo haikuwa na shida.

Piga picha. Piga kwa juu, kwa pembeni, kwa chini, halafu chukua karatasi uchore. Selekta ya kuzungusha inaweza kuwa na waya zaidi ya thelathini, na rangi za waya hujirudia, kwa hiyo picha peke yake itakudanganya. Zungushia kila waya kipande cha utepe wa karatasi chenye namba, na namba hiyohiyo iandike kwenye mchoro.

Osha bila kufungua

Jaribu hili kabla ya yote, huenda ukamaliza hapa. Tumia spiriti safi ya isopropili, ya asilimia 99. Usihangaike kuitafuta duka la dawa. Nenda kwa wanaouza vifaa vya mafundi simu, wao huitumia kuoshea bodi. Ingiza matone kwa bomba la sindano kwenye upenyo wa swichi, bonyeza au zungusha mara nyingi, acha ikauke kabisa. Dawa maalumu ya kontakti kama DeoxIT D5 ni bora zaidi ukiipata, na tone moja linatosha.

Petroli hapana. Najua wapo mafundi wanaoitumia na mashine inalia siku hiyohiyo. Petroli hulainisha plastiki, huondoa grisi inayofanya kitufe kiteleze, na mvuke wake karibu na chuma cha kulehemu kilicho moto ni balaa. Thina nayo hapana, kwa sababu hiyo ya plastiki. WD-40 hufungua nati zilizoganda, lakini huacha utando unaokusanya vumbi. Usiimwage kwenye swichi ya sauti.

Kufungua swichi ya kubonyeza

Kama kuosha hakukusaidia, au sauti ilirudi kisha ikapotea baada ya wiki, swichi itoke. Nyonya risasi ya kulehemu kwenye kila mguu kwa pampu ya kunyonyea. Ukikuta mguu unagoma, ongeza risasi mpya kidogo kwanza, ichanganyike na ile ya zamani, ndipo unyonye. Usivute kwa nguvu. Njia za shaba kwenye bodi za umri ule zimeshikiliwa na gundi iliyochoka na hubanduka upesi.

Swichi ndefu za kubonyeza, zile zinazopangwa tatu nne kwenye fremu moja ya bati, nyingi zimeandikwa ALPS ubavuni. Mbele yake kuna springi na kibati kidogo kinachoizuia. Kuna pia kisindano cha waya kinachotembea ndani ya mfereji. Hicho ndicho kinachofanya kitufe kibaki ndani ukibonyeza mara moja na kutoka ukibonyeza tena. Fanya kazi hii mikono ikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha. Springi ikiruka utaiona ilipo. Ikirukia sakafuni kwenye mkeka, umeipoteza.

Weka alama kwa kalamu upande wa juu wa kile kijiti cha plastiki kinachoingia na kutoka ukibonyeza kitufe, kabla ya kukitoa. Ondoa kibati, achia springi polepole, kisha vuta kijiti taratibu huku swichi ikiwa imelala. Utaona vibanio vidogo vya chuma vimekaa kwenye vyumba vyake, kila kimoja kama punje ya mchele, vyeusi tii. Hivyo ndivyo kontakti. Vihesabu. Stereo ya kawaida ina angalau viwili, na swichi za TAPE MONITOR nyingi zina vinne. Tazama vilivyoelekea, kwa sababu vikirudi kinyume vitabana upande mmoja tu.

Weusi wa vibanio hivyo hauondoki vizuri kwa spiriti, na msasa haufai, kwani utaondoa weusi pamoja na fedha yenyewe. Tandaza foili ya alumini kwenye bakuli la plastiki au glasi, weka vibanio juu yake vikiigusa, nyunyiza kijiko cha magadi soda, mimina maji ya moto. Salfa inahama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye alumini, nawe utasikia harufu kidogo ya yai bovu. Baada ya dakika chache vibanio vinarudi kuwa vyeupe na fedha haijapungua. Suuza kwa maji mengi safi, kisha kwa spiriti, vikauke kabisa. Dawa hii ni ya vyuma vilivyotolewa tu. Usitumbukize swichi nzima.

Miguu iliyobaki ndani ya kibweta cha swichi isafishe kwa ukanda wa karatasi nene ya bahasha uliolowa spiriti, uupitishe mbele na nyuma hadi utoke mweupe. Halafu tazama kama vibanio bado vina nguvu ya kubana. Kikilegea, kibane kwa ncha ya sindano, kidogo sana. Kikibana mno kitakwangua fedha kwenye miguu na ndani ya mwaka utarudi palepale.

Grisi laini ya silikoni isiyokula plastiki ipakwe kwenye mfereji wa kisindano na kwenye springi pekee, kontakti ziache kavu au zenye alama tu ya DeoxIT. Unaporudisha, kijiti kiingie kikiwa kimelala vilevile, bila kulazimisha. Kikigoma, kibanio kimoja kimetoka chumbani mwake.

Selekta ya kuzungusha

Hii ina sahani moja au zaidi, na katikati sehemu inayozunguka yenye ulimi wa chuma unaopita kati ya vidole viwili vya kila mguu. Usiifungue kama huna lazima. Ukanda wa karatasi wenye spiriti unapita kati ya vidole, na hiyo huwa inatosha. Sahani ikipasuka, gundi ya mirija miwili inaishika vizuri, mradi isifike kwenye vidole. Lakini fedha ikiisha kwenye ulimi hadi shaba ya njano inaonekana, hakuna dawa. Hapo unahitaji sahani nyingine.

Swichi ya umeme wa ukutani

Hapa kanuni ya msasa inabadilika. Kontakti za swichi ya umeme nyingi ni vifungo vinene vya fedha au aloi yake, si mpako, hivyo zikiwa zimeungua na kuwa na mashimo unaweza kuzisawazisha kwa msasa laini kabisa, kisha ukazifuta. Bati la swichi limeshikwa kwa masikio manne yaliyokunjwa. Yainue kidogokidogo kwa bisibisi nyembamba, kwa sababu yakikunjwa na kukunjuliwa sana yanakatika.

Kabla ya kufungua, hesabu miguu. Swichi nyingi zina pande mbili na kiwanda kikatumia mmoja tu. Ukipima ule usiotumika ukakuta ni mzima, hamishia waya huko na kazi imekwisha. Hakikisha tu kwamba ni upande wa swichi hiyohiyo yenye uwezo wa 230V.

Mara nyingi utakuta kapasita ndogo imefungwa kati ya miguu miwili. Kazi yake ni kuua cheche. Ikiwa imepasuka ganda, badilisha na ya daraja la X2 (iliyoundwa kukaa kwenye umeme wa ukutani), ya mikrofaradi 0.01, yenye maandishi 275VAC au zaidi. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa 400V haifai mahali hapo hata kama ukubwa unalingana.

Ukilazimika kuweka nyingine, usiangalie ampea peke yake. Transfoma kubwa huvuta umeme mwingi ghafla sekunde ileile unapowasha. Tafuta alama TV-5 au TV-8 ubavuni: ya kwanza imepimwa kuvumilia mshtuko wa ampea 78, ya pili ampea 117.

Tafuta kwa vipimo, usitafute kwa jina

Mtu akiulizia "swichi ya Sansui" ataambiwa hakuna, na mwenye duka hajasema uongo. Ila Sansui, Pioneer, Kenwood na wenzao walinunua swichi nyingi kwa watengenezaji walewale. Kinachofananisha swichi mbili ni mwili wake. Ondoka nyumbani na swichi mbovu mfukoni pamoja na karatasi yenye mambo haya: idadi ya miguu na mpangilio wake, umbali kati ya mguu na mguu kwa milimita, urefu wa kijiti kikiwa nje na kikiwa ndani, kama inabaki ndani au inarudi, na umbali kutoka bodi hadi katikati ya kitufe. Miguu sita ina maana ya njia mbili, kumi na miwili ni njia nne.

Kwa selekta ongeza kipenyo cha mhimili. Za Kijapani ni milimita 6, za Kimarekani ni 6.35, na kitufe cha moja hakikai vizuri kwenye nyingine. Angalia kama mhimili una meno au umekatwa ubapa. Pima hatua: nyuzi 30 kwa kila hatua maana yake duara zima lina nafasi kumi na mbili. Na jambo moja husahaulika. Weka mita kwenye mlio, zungusha polepole. Kama katikati ya hatua mbili mita inalia kwa zote mbili, swichi hiyo inashika kabla ya kuachia. Kama kuna ukimya katikati, inaachia kabla ya kushika. Rudisha ya aina ileile, la sivyo utapata mshindo kwenye spika kila unapobadilisha, au chombo kimoja kusikika ndani ya kingine.

Mji uliotoa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na taarabu ya Black Star na Lucky Star haujakosa watu waliopenda vyombo vya sauti, na mizoga yao ipo: kwenye stoo za mafundi wa zile barabara za namba za Ngamiani, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, chini ya vitanda. Usitafute amplifaya iliyokufa, hiyo mwenyewe ataitaja bei ya amplifaya. Tafuta deki ya kaseti, tyuna au ekwalaiza. Hakuna anayezitaka, na ndani zimejaa swichi za kubonyeza za aina zilezile. Salimia vizuri, kaa kidogo, ndipo uulize:

"Shikamoo mzee. Ile deki pale juu, bado unaisubiria mwenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Mwenyewe hajaonekana toka mwaka juzi. Chukua, lakini na hili tyuna ulibebe, linanizibia njia."

Libebe. Nunua mzoga mzima, usinunue swichi moja. Mzee akiing'oa mwenyewe kwa haraka ataivunja miguu, na wewe utakosa vitufe, skrubu na springi za akiba.

Tanga ikikosa, picha ya swichi ikiwa imelala kando ya rula itumwe kwa mtu wako Kariakoo, kisha mzigo uje kwa basi. Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, upande wa Kenya, wanaweza kuagiza hadi Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye maduka mengi ya vifaa vya elektroniki. Picha bila rula haisaidii kitu.

Kupima kabla ya kufunga

Mita ya kawaida haiwezi kukuambia kama kontakti ya spika ni nzuri, kwa kuwa waya zake zenyewe zina omu 0.2 au zaidi. Tumia betri ya volti 12 na balbu ya indiketa ya pikipiki ya wati 10. Ziunge mfululizo kupitia swichi. Zitapitisha takriban ampea 0.8. Weka mita kwenye milivolti, gusa miguu miwili ya swichi yenyewe. Ukisoma milivolti 8, ukinzani ni omu 0.01, safi kabisa. Ukisoma 80 au namba inacheza unapotikisa kitufe, rudi mezani. Kipimo hiki ni cha swichi za spika na za umeme tu. Zile ndogo za sauti hazikuumbwa kubeba ampea nzima.

Usione omu nusu ni kitu kidogo. Wati 50 kwenye spika ya omu 8 ni ampea 2.5, na ampea hizo zikipita kwenye omu 0.5 zinatoa joto la wati 3 ndani ya kibweta cha plastiki.

Ukishafunga, washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 ya waya, ya zamani, iliyoungwa mfululizo na umeme. Ya LED haifai kazi hii. Ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki kali, chomoa na ukague waya ulizorudisha.

Ikishindikana kabisa

Swichi nyingine hazistahili mateso. Swichi ya kurekebisha sauti kama LOUDNESS, MUTING au HIGH FILTER ikiwa imevunjika na hakuna mzoga uliokubali, funga njia yake kwa waya mfupi kwenye hali ambayo haifanyi kazi, kila upande wa stereo kivyake, na kitufe kibaki mahali pake kama pambo. TAPE MONITOR nayo inaweza kuungwa moja kwa moja hivyohivyo, katika hali ya kuachiwa. Swichi ya spika B iache wazi na ukate waya zake, usiziunge. Mtu akija kuchomeka spika B pamoja na A bila kujua kwamba zote zinafanya kazi kwa pamoja, mashine itaona omu 4 badala ya 8, na zipo zisizoweza kuvumilia hilo. Andika ulichofanya kwenye karatasi, pamoja na tarehe, uibandike ndani ya kifuniko mbali na transfoma na vyuma vya kupoozea, fundi atakayefuata asije akapoteza jioni nzima kutafuta kwa nini kitufe hakibadilishi kitu.